Mantis kwa mradi mdogo: kusimika nusu saa, kubishana wiki mbili

Hitilafu za programu yetu huria tulikuwa tunaziandika kwenye jedwali moja la pamoja, na kila mtu alilipaka rangi apendavyo. Nyekundu kwangu ilikuwa "haraka", kwa mwenzangu ilikuwa "nimeshamaliza, usiguse". Tulipotoa toleo lenye kasoro ambayo watu watatu walishairipoti, nikasema basi, nikasimika MantisBT, au Mantis kwa kifupi, programu ya kupokea na kufuatilia ripoti za hitilafu.

Kwanza niliitazama Bugzilla, programu ya kazi hiyo hiyo, mkongwe aliyetoka mradi wa kivinjari wa Mozilla mwaka 1998. Inaweza mengi kuliko tunavyohitaji, lakini imeandikwa kwa lugha ya Perl na kwetu hakuna anayeijua Perl vya kutosha kuilea. Mantis ilianza mwaka 2000, imeandikwa kwa lugha ya PHP, leseni yake ni GPL, yaani ya programu huria, na seva tuliyokodi ilikuwa tayari na PHP na hifadhidata ya MySQL. Sababu ni hiyo tu, sitaipamba.

Kusimika kwenyewe hakuna hadithi. Unafungua kifurushi kwenye seva, unakifuata kwa kivinjari, unajaza jina la hifadhidata na nywila yake, majedwali yanajitengeneza. Unaingia kwa jina administrator na nywila root. Kwa kuwa dunia nzima inaijua nywila hiyo, ibadilishe hapo hapo, kisha ufute folda ya admin.

Nilipoumbuka ni kwenye barua pepe. Anayejiandikisha hutumiwa kiungo cha kuthibitisha akaunti. Barua isipofika, hana pa kuingilia. Mimi niliandika namba ya poti ya seva ya barua isiyo sahihi kwenye faili la mipangilio, config_inc.php, na sikujitumia hata barua moja ya majaribio. Siku nne nzima nikidhani hakuna anayejali mradi wetu, mpaka mtumiaji mmoja akanitafuta kuniuliza, "Jamani, mbona mmetufungia mlango?" Kwa hiyo kabla hujatangaza anwani, jiandikishe wewe mwenyewe kwa akaunti ya pili, kama mgeni.

Kosa langu la pili lilikuwa makundi ya ripoti, ambayo anayeripoti huchagua moja. Niliorodhesha 23, kila kona ya msimbo na kundi lake. Anayeripoti hajui msimbo umegawanywaje, anajua tu kwamba kitufe hakifanyi kazi, basi akawa anachagua lolote la karibu. Sasa yako matano, yenye majina ya vitu anavyoviona kwenye skrini.

Kilichonifanya niipende Mantis ni swali moja dogo katika fomu: hitilafu inajirudia? Kila mara, mara nyingine, bila mpangilio, sijajaribu, au nimeshindwa kuirudia. Jibu hilo linaniokolea muda kuliko sehemu ya ukali wa tatizo, maana kwa aliyeumia kila tatizo ni janga. Asubuhi naanza na za "kila mara". Najua nikifuata hatua zake nitaiona.

Hali za ripoti ni saba, kuanzia mpya hadi iliyofungwa, na hapo ndipo wiki mbili zilipopotelea. Kuna "imepokelewa" na kuna "imethibitishwa". Tofauti yake nini? Tulibishana kama wanasheria. Mwishowe tukakubaliana kwamba imepokelewa ni pale tulipoisoma na kuielewa, na imethibitishwa ni pale mtu mwingine alipoiona kwa macho yake kwenye mashine yake. Vivyo hivyo, imetatuliwa maana yake rekebisho limeingia kwenye msimbo, na kufungwa ni mpaka toleo litoke. Yaandikeni makubaliano hayo mapema, sisi tulichelewa.

Jingine la kuangalia ni faragha. Ripoti huanza ikiwa ya wazi kwa wote. Mtu mmoja alituonyesha, kwa nia njema kabisa, jinsi ya kusoma mafaili ya mtumiaji mwingine, na maelezo yakakaa hadharani usiku kucha. Ukiigeuza kuwa ya faragha, kwa mipangilio ya kawaida huonwa na aliyeiripoti na wenye cheo cha msanidi kwenda juu. Siku hizi maelekezo ya kuificha ripoti ya namna hiyo yako juu ya fomu.

Sura yake ni ya kizamani kidogo, na kuiunganisha na hazina ya msimbo kunahitaji kiongezi cha pembeni, yaani kipande cha programu cha kuongezea. Kama msimbo wenu uko kwenye tovuti za kuhifadhia msimbo kama GitHub au GitLab na mnaridhika na sehemu yao ya ripoti, sioni kwa nini mjibebeshe seva nyingine. Sisi tulitaka data ikae kwetu. Halafu kwenye Mantis ukijaza toleo ambamo hitilafu ilirekebishwa, orodha ya mabadiliko inajiandika yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa inanichukua jioni nzima kila tulipotoa toleo.

Jedwali la zamani nililihamisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Zaidi ya nusu ya hitilafu zilikuwa zimeshatatuliwa au zimeandikwa zaidi ya mara moja, na tatu hatukuweza kujua zilihusu nini, zilikuwa na rangi tu.