Kula Mtwara: fundi friji nawaambia mkale wapi, na saa ngapi

Niseme mapema mimi sio mtu wa kupiga picha sahani. Kazi yangu fundi friji, mafriza na viyoyozi, Mtwara nilikuja 2014 kipindi kile bomba la gesi la kwenda Dar linajengwa na kila mwenye kiwanja anapandisha gesti, nikasema napiga hela mwaka mmoja narudi zangu Morogoro. Mpaka leo nipo, nimeoa hukuhuku, wakwe wananiita njomba. Sasa kwa kazi yangu nimefungua mafriza ya jikoni mengi sana kwenye huu mji, makubwa kwa madogo, na ukishafungua friza ya mtu menyu yake haikudanganyi tena. Ndo maana ndugu na marafiki wakija huku, awe kaja semina, awe kaja msiba, awe kaja kufata korosho, simu ya kwanza kwangu: fundi, tukale wapi?

Jibu langu huwa linawakera, kwa sababu na mimi nawauliza, leo mwezi una siku ngapi?

Ngoja nielezee. Pweza wa huku wengi wanatoka kwenye miamba maji yakikupwa, wanaotoka ni kina mama na vijana na vijiti vyao wanachokoa mashimo, na maji yanakupwa vizuri yale ya kuacha mwamba mkavu mpaka mbali wakati wa bamvua, yani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Katikati ya hapo maji ni mafu, hayaendi mbali hayarudi mbali, pweza anapatikana mmoja mmoja na bei inapanda. Dagaa nao kinyume chake, wale wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Kwahiyo mwezi mpevu unakula pweza dagaa unakosa, na mwezi ukiandama unapata vyote viwili, hizo ndo siku ambazo mimi hata ukiniita kazi ya jioni sipokei simu.

Haya, sehemu yenyewe ni Feri, pale soko la samaki. Mchana ukienda utaona soko kama masoko mengine tu, mainzi, maji ya barafu yanatiririka, madalali wanapigana kelele, na mgeni akiona hivyo anageuza. Kosa. Rudi kuanzia saa kumi na moja jioni, kina mama wameshawasha moto, makarai ya kukaangia yamepangwa na kibatari au taa ya sola juu ya kila meza. Mimi nina mama yangu mmoja pale, jina lake naliacha maana hajaniomba nimtangaze, ila utamjua kwa sufuria lake, kubwa, jeusi tii, mdomo umepinda upande mmoja kama vile liliangukia kwenye jiwe.

Mama huyu pweza wake anampiga kwanza. Sio mchezo, anamkamata kichwa anampigiza kwenye jiwe mpaka mikono inalegea, ndo anaingia sufuriani bila maji mengi maana pweza anatoa maji yake mwenyewe, yale maji ya rangi ya zambarau ndo supu. Chumvi, tangawizi, kitunguu swaumu, basi. Ukifika anakuuliza mkono au kichwa, unasema mkono, anaukata kwenye ubao vipande kama vya sarafu, juu ndimu, pilipili ya kusaga iko kwenye kopo la majarini, unachoma na kijiti. Supu kikombe cha plastiki. Kipande cha mkono ule mwembamba karibu na ncha kinakatika kwa meno ya mbele, hakivutiki kama mpira wa ndala, na hapo ndo utajua kuna watu wanapika pweza na kuna watu wanamchemsha tu. Mara ya mwisho nimekula na kushiba na supu vikombe viwili, sikufika elfu nne.

Siku moja nilimletea bosi mmoja wa Dar, nimemsifia wee njia nzima, kufika sufuria limefunikwa kifudifudi. Nikamuuliza mama vipi leo, akanitazama kama mtoto wa shule, "Njomba, maji yamejaa, pweza atatoka wapi? Njoo juma la mbele." Hakuniuzia cha jana. Angeweza, yule bosi asingejua. Tukala vibua vya kukaanga kwa jirani yake na muhogo wa kuchemsha, navyo vilikuwa vitamu, ila bosi mpaka leo ananitania.

Samaki wa kukaanga pale Feri nenda na macho. Jicho la samaki liwe limevimba na linang'aa, fungua tamvua uone wekundu, bonyeza na kidole nyama irudi. Na ukimkuta samaki mzima kwa nje lakini nyama imelegea na uti umevunjika katikati, mwache, huyo huenda kapigwa baruti, huku kusini ilikuwa balaa sana miaka ya nyuma, siku hizi imepungua. Changu, tasi, pono, ndo wa kawaida. Kolekole akipatikana omba kipande cha karibu na kichwa. Kuna watu watakwambia nguru, sawa, nguru mzuri ila kwenye mafuta anakauka upesi, nguru mchemshe na nazi nyumbani kwako.

Sasa mahoteli. Sisemi yote mabaya na siwezi kutaja maana wengine ni wateja wangu na nadai. Ila kuna moja nilimpeleka shemeji yangu siku ya kipaimara cha mwanawe, ina bustani, vitambaa vyeupe, mhudumu kavaa tai. Tukaagiza changu wa kuchoma. Tumekaa saa nzima na dakika arobaini, watoto wamelala kwenye viti, samaki anakuja nje kaungua, nafungua karibu na uti nakuta bado baridi, kidole kinasikia chenga za barafu. Nikabaki nacheka peke yangu shemeji hajui nacheka nini. Friza ile naijua! Wiki mbili kabla niliitwa kubadilisha kompresa, ilishakaa siku tatu haigandishi, na samaki walikuwa humohumo, wameyeyuka wamegandishwa tena. Na ukumbuke umeme wetu nao, mji ambao gesi inatoka pembeni yake hapo Mnazi Bay inaenda mpaka Dar kuzalisha umeme, sisi ukikatika tunatazamana gizani. Changu elfu ishirini na mbili, chipsi zimelegea kama zimechoka na maisha, soda ya moto. Mhudumu mstaarabu sana lakini, siwezi kumlaumu, aliomba radhi kwa mikono miwili.

Ushauri wangu wa hoteli ni mmoja, muulize mpishi samaki kaingia lini. Akisema "wapo tu bosi" agiza kuku.

Asubuhi hangaika kidogo tu, mihogo ya kukaanga, vitumbua na chai ya rangi vipo kila kona kuanzia stendi mpaka Chikongola, sina cha kuongeza, mji mzima wanajua kupika vitumbua.

Mchana ndo kuna kitu. Nyuma nyuma ya soko kuu kuna mabanda ya mamalishe, usiende kwenye lile lenye spika kubwa nenda kwenye lenye foleni ya watu wa mikokoteni, wale hawana muda wa kula chakula kibaya. Ulizia ugali wa muhogo. Mgeni akiuona anashtuka, rangi yake ya kijivu na unavutika, unga wake ni wa makopa, muhogo uliokaushwa juani ukatwangwa, una harufu yake kidogo ambayo siku ya kwanza utakunja pua siku ya tatu utaitafuta. Mboga yake ni kisamvu cha korosho. Kisamvu kinatwangwa mpaka kinakuwa uji, korosho nazo zinasagwa zinatiwa mule badala ya karanga au nazi, mafuta yanaelea juu yenyewe bila kuweka mafuta ya duka. Mimi mtu wa Moro niliyekulia mchele, nilipokula mara ya kwanza niliuliza hii nyama ya nini. Ukipata na ng'onda pembeni, kile kipande cha samaki mkavu kilichochomwa kidogo kwenye makaa, basi mchana huo usipange kazi ya kupanda ngazi. Sahani elfu mbili mia tano hadi elfu tatu. Kasoro yao: maji ya kunawa jagi moja watu kumi na tano, na benchi limeegemea ukuta upande mmoja ukikaa wa mwisho mwenzio akiinuka unaanguka. Imenitokea, mbele za watu, na suruali ya kazini.

Kuna ming'oko pia, hii wengi wanapita hawaijui. Ni vimizizi virefu vyembamba, porini vinachimbwa, vinachemshwa, kina mama wanauza kwenye beseni hasa maeneo ya stendi, vimefungwa mafungu. Unamenya ganda unachovya kwenye chumvi na pilipili. Ladha kati ya kiazi na muhogo lakini kavu zaidi. Mke wangu anaweza kula beseni, mimi mafungu mawili nimetosheka, tunagombana kila safari ya basi maana maganda anayatupia miguuni kwangu. Wakitania kuhusu samaki nchanga wewe cheka tu, ndo jina la huku la panya wa kuliwa, hakuna atakayekutilia sahani bila kukwambia.

Ukiwa na gari au nauli ya daladala nenda Mikindani jioni moja, kilometa kama kumi tu. Pale kuna Boma la Wajerumani la 1895, siku hizi ni hoteli, kiko juu kidogo unaona ghuba yote, na ndo mji ambao Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara 1866. Mimi historia sio yangu, napenda pale kwa sababu ya upepo na kwa sababu ukishuka chini barabarani usiku ukianza kuingia kuna wamama wanakaanga muhogo na vipande vya samaki kwenye karai moja, muhogo unachukua ladha ya samaki. Watu wa usafi watanisema. Waseme.

Msangamkuu, ng'ambo ya maji ukitokea mjini, unavuka na kivuko dakika chache, ufukwe mzuri kuliko wa mjini, ila cha kula beba. Nimewahi kukaa mpaka saa nane mchana na njaa namsubiri kijana aliyesema anaenda kuleta dafu, hadi leo simjui alipoishia.

Na kama unaweza kuchagua mwezi, njoo kuanzia wa kumi. Korosho zinadondoka, mabibo yananuka mji mzima ile harufu tamu yenye ukali ndani yake, wakulima wana hela na mamalishe wanapika kwa mkono mkunjufu maana wanajua zitaisha. Korosho nunua zile za kukaanga nyumbani zenye madoa meusi, hazivutii macho kama za pakiti lakini onja moja uniambie. Ila kipindi hicho gesti zinajaa, weka nafasi mapema.

Sasa kuna jambo linanisumbua na sina pa kulisemea ndo nalimalizia hapa. Wiki iliyopita mama wa sufuria kaniita pembeni, kanunua friza. Mtumba, ndogo, ya mlango wa juu, kaiweka kwa dada yake nyuma ya soko, haina gesi anataka niijaze. Siwezi kumlaumu, siku pweza akibaki anakula hasara peke yake, na siku za maji mafu hana cha kuuza na watoto wanasoma. Na ukweli wa ufundi lazima niuseme hata kama unaniuma, pweza sio kama changu, pweza akigandishwa nyama yake inalainika, wapishi wengine wanagandisha makusudi. Kwahiyo siwezi hata kumwambia itaharibu.

Lakini nikiijaza ile friza, siku nyingine nitakuja na mgeni maji yamejaa na sufuria litakuwa linachemka. Nimemwambia gesi imeisha dukani nasubiri mzigo wa Dar. Juzi kaniuliza tena huku ananiongeza kipande cha mkono bila kukihesabu, na mimi nikakila.