Montaigne ndani ya The Tempest: huduma tatu za bure za kukagua deni, na moja ya kukaa nayo mbali

Kwamba Shakespeare, katika tamthilia yake The Tempest, alichota kwa Montaigne, mwandishi Mfaransa wa insha, ni jambo linaloandikwa karibu kila kitabu cha kozi ya fasihi, na karibu kila mara mwanafunzi huachiwa alimeze hivyo hivyo. Hakuna haja. Deni lenyewe linaonekana kwa macho, neno kwa neno, na vifaa vya kulikagua viko wazi kwenye intaneti bila malipo: tamthilia katika tovuti ya maktaba ya Folger ya Washington, insha za Montaigne kwa tafsiri ya Kiingereza ya John Florio katika mkusanyo wa Renascence Editions wa Chuo Kikuu cha Oregon, na Kifaransa chenyewe katika Montaigne Project ya Chuo Kikuu cha Chicago. Tathmini hii inazipima huduma hizo kwa kazi hiyo moja tu. Sifa nyingine zilizo nazo, na ni nyingi, hazihusiki hapa.

Kabla ya hizo tatu, kuna mtego. Ukitafuta Montaigne wa bure kwa Kiingereza, ni rahisi kuangukia toleo la Project Gutenberg. Faili lake ni safi, linasomeka vizuri kwenye simu, na kwa kumsoma Montaigne kwa raha hatuna neno nalo. Lakini tafsiri ile ni ya Charles Cotton, iliyotoka 1685, ikahaririwa na William Carew Hazlitt mwaka 1877. Shakespeare alikufa 1616. Aliyoisoma yeye ni ya Florio, iliyochapishwa London mwaka 1603 na Edward Blount. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi. Ukimtumia Cotton, nusu ya maneno yatalingana na tamthilia, kwa sababu watafsiri wote wawili wanamfuata Mfaransa yule yule. Utaridhika, ufunge kazi, kumbe umepoteza maneno yale hasa yanayoamua kesi.

Sasa Folger. Maandishi ya tamthilia yamehaririwa na Barbara Mowat na Paul Werstine, na unaweza kuyasoma pale pale au kuyapakua kwa PDF, Word, au maandishi matupu. Chukua maandishi matupu: ni mepesi, na kutafuta neno ndani yake hakusumbui. Chukua PDF pia kama utanukuu, maana hesabu ya mistari iko pembeni na hutalazimika kuhesabu kwa kidole. Mabano ya mraba unayoyaona ndani ya mistari ni alama za wahariri, yakionyesha walipogusa chapa ya kale, basi usiyafute unaponakili. Upungufu ni mmoja, na unauma: maelezo ya maneno magumu yaliyomo katika kitabu chao cha karatasi, ukurasa unaokabiliana na tamthilia, hayamo katika faili la bure. Neno kama “tilth” au “bourn” utalitafuta mwenyewe kwenye kamusi.

Fungua sehemu ya 2, onyesho la 1, utafute “commonwealth”. Hapo ndipo mzee Gonzalo, aliyetupwa kisiwani pamoja na mfalme, anaeleza dola ambayo angeijenga kama kisiwa kingekuwa chake.

Upande wa Florio kuna kazi zaidi. Insha unayoitaka ni ile ya wala watu, “Of the Caniballes”, kitabu cha kwanza. Matoleo ya leo yanaihesabu sura ya 31, Florio anaihesabu ya 30. Si kosa la chapa. Florio alifuata mpangilio wa toleo la Kifaransa la 1595, lililosimamiwa na Marie de Gournay baada ya kifo cha Montaigne, ambamo sura ya 14 ilihamishwa kuwa ya 40, na zote zilizokuwa kati zikashuka namba moja. Asiyelijua hili hufungua sura ya 31 kwa Florio na kukuta mambo mengine kabisa. Sikitiko la pili ni tahajia. Hakuna kanuni ya tahajia katika Kiingereza cha 1603: neno laweza kuwa na “k” pasipotarajiwa, au “e” iliyoning'inia mwishoni. Usiandike neno zima kwenye kisanduku cha kutafutia. Andika “traf” na utafika. Andika “magistrat” bila herufi ya mwisho. Ukiandika “cannibals” kwa tahajia ya leo, unaweza kuambiwa hakuna kitu, na insha iko mbele yako.

Kisha weka maandishi mawili ubavu kwa ubavu. Montaigne anawazungumzia watu wa Brazili na kumwambia Plato, mwanafalsafa wa kale wa Kigiriki, kana kwamba yupo, kwamba hilo ni taifa lisilo na biashara ya aina yoyote, lisilojua maandishi, lisilo na jina la hakimu, lisilo na utumishi wala utajiri wala umaskini, lisilo na mikataba wala urithi. Gonzalo anayakariri haya karibu kwa mfuatano ule ule. Lakini hadi hapo Cotton naye angekupeleka. Angalia pale wanapoachana. Florio kasema “no kinde of traffike”, Gonzalo anasema “no kind of traffic”, Cotton ana “no manner of traffic”. Florio ana “no occupation but idle”. Gonzalo anavunja kishazi hicho vipande viwili, hakuna kazi, wanaume wote wavivu, na neno ni lile lile “idle”, ambalo kwa Cotton halipo.

Pambo la yote ni mwishoni mwa orodha. Kwa Kifaransa, madini yanasimama peke yake, “nul metal”, ndipo yafuate matumizi ya divai na nafaka. Florio akavikusanya vyote vitatu chini ya neno moja la matumizi: divai, nafaka, madini. Gonzalo naye anavyo vitatu chini ya “no use of”, ila kaigeuza orodha kichwa chini: madini, nafaka, divai, akaongeza mafuta. Aliyekuwa na Kifaransa tu mezani asingepata fungu hilo. Hapa ndipo unapoona kwamba Ufaransa iliingia jukwaani London kupitia kalamu ya mwana wa mkimbizi wa Kiitaliano aliyezaliwa London, na kwamba ukimruka mtu huyu wa kati umeruka ushahidi.

Ndiyo maana huduma ya Chicago ni ya lazima, ijapokuwa ni ya mwisho kufunguliwa. Ina maandishi ya toleo la mhariri Pierre Villey, pamoja na picha za kurasa za nakala ya Bordeaux, yaani nakala ya chapa ya 1588 ambayo Montaigne mwenyewe aliijaza nyongeza kwa mkono pembezoni. Herufi A, B na C zilizopachikwa ndani ya sentensi zinakuonyesha tabaka: A ya 1580, B ya 1588, C ya baada ya hapo. Anayesoma mara ya kwanza hudhani ni makosa ya kuchapa. Tahajia ya Kifaransa ni ya kale, kwa hiyo kanuni ya kutafuta kwa kipande cha neno inahusu huku pia. Na kumbuka namba: huku insha ya wala watu ni ya 31. Ukiwa nayo, utamkamata Florio akiongeza vyake. Montaigne anasema watu wale hawana nguo, basi. Florio anaongeza kwamba hawana ila zile za maumbile. Tabia hiyo ya kurefusha anayo kitabu kizima, na ndiyo inayotupa alama za vidole.

Jaribio la pili, kwa anayedhani la kwanza ni bahati, liko sehemu ya 5, onyesho la 1. Prospero, mchawi anayetawala kisiwa, anasema amechomwa hadi kwenye nyama hai na ubaya wa maadui zake, lakini anasimama na akili yake dhidi ya hasira, kwani tendo adimu zaidi limo katika wema kuliko kisasi. Fungua insha ya ukatili, kitabu cha 2, sura ya 11, namba ambayo haikuhama. Ukurasa wa mwanzo una vitu vyote: kuchomwa hadi nyama hai, ubaya, akili kama silaha, kisasi. Mtafiti Eleanor Prosser aliuonyesha ulinganifu huu mwaka 1965. Kifaransa kinasema “chose très belle”, jambo zuri sana. Ni Florio aliyeandika “rare action”, na Prospero anasema “the rarer action”. Tukitakiwa kuchagua mfano mmoja wa kufundishia darasani, tungechagua huu kabla ya ule wa Gonzalo.

Mahali watu wanapoharibu kazi nzuri ni kwenye Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Wakishaonja, wanaanza kumwona Florio kila palipo na shaka na mauti. Hamlet iliandikishwa kwa wachapishaji wa London Julai 1602, kitabu cha Florio kikatoka 1603. Huwezi kutumia kipimo cha maneno kwa uhakika ule ule. Kadhalika, orodha za “hakuna hiki, hakuna kile” kuhusu enzi ya dhahabu zipo tangu Ovid, mshairi wa kale wa Kirumi, kwa hiyo umbo la orodha peke yake si ushahidi. Tafuta neno la Florio ambalo Kifaransa hakina.

Mipaka ya seti hii isemwe wazi. Haikusaidii na Mfaransa Robert Garnier, ambaye tamthilia zake zilichapishwa kwa tafsiri ya Mary Sidney mwaka 1592 na ya Thomas Kyd mwaka 1594, wala na Belleforest, msimulizi wa Kifaransa ambaye hadithi ya Hamlet ilipitia kwake. Hao wanataka vifaa vingine.

Msomaji wetu ana Tufani, tafsiri ya The Tempest kwa Kiswahili ya S. S. Mushi, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1969. Isome kwanza ili uwajue Gonzalo na Prospero ni nani na wanagombea nini, kisha ndipo ufungue Folger, maana kipimo chenyewe kinakaa katika maneno ya Kiingereza. Kwa jioni mbili kazi inakamilika. Ya tatu mpe Ben Jonson, mtunzi wa tamthilia wa zama za Shakespeare: katika Volpone yake ya 1606, sehemu ya 3, Lady Would-be anaropoka kwamba waandishi wa Kiingereza wanamwibia mshairi mmoja wa Kiitaliano karibu sawa na wanavyomwibia Montaigne. Miaka mitatu tu tangu Florio atoke, na ukumbi mzima ulitarajiwa kumwelewa.