"Hutaishi kuimaliza": nilivyoongeza miaka ya fleti yangu London

Nilitaka kuandika haya tangu zamani, lakini kila nikianza hasira inanipanda naacha. Leo naandika na hasira yangu hivyo hivyo.

Nina fleti ya vyumba viwili mashariki mwa London. Naiita yangu, lakini nilichonunua ni lisi, mkataba wa miaka 99 ambao unapungua kila siku inayopita. Jengo na ardhi ni vya mtu ambaye sijawahi kumwona, na kila mwaka namlipa kodi ya ardhi. Mtu wa Mombasa hana haja ya kuelezwa sana. Nyanya yangu kule Majengo alikuwa na nyumba yake kwenye kiwanja cha watu, na kila mwisho wa mwezi alifunga pesa ya kiwanja kwenye ncha ya leso akamngoja mkusanyaji. Nilidhani hayo nimeyaacha nyumbani.

Lisi ilikuwa imebaki miaka 80 na miezi kadhaa nilipomwandikia ajenti wa mwenye ardhi kwamba nataka kuongeza. Akajibu siku ile ile, kwa maneno matamu. Wakili wa nini? Tutaelewana wenyewe, utaokoa pesa. Nikalipa pauni 300 za kufungua faili. Mthamini akaja baada ya wiki nyingi, akakaa kama dakika kumi, akapiga picha mfereji wa jikoni na dirisha lenye ufa, akaenda zake. Kisha kimya. Nikipiga simu, anayehusika yuko likizo. Nikipiga tena, afadhali ungoje sheria mpya, utafaidika. Sheria hiyo ipo, ilipitishwa 2024, na inaahidi nyongeza ya miaka 990 kwa gharama nafuu. Lakini vipengele hivyo vilikuwa havijaanza kutumika, na ajenti alilijua hilo kuliko mimi.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa chini, mama wa makamo aliyekwisha kuumwa na nyoka huyo huyo. Aliniuliza swali moja tu mlangoni: "Umebakisha miaka mingapi?" Nilipomjibu akanishika mkono. Akanieleza kwamba lisi ikibaki miaka 80 au chini yake, bei ya kuongeza inaingizwa kitu ambacho sheria inakiita thamani ya ndoa. Ni ile thamani inayozaliwa lisi ndefu inapopatikana, na mwenye ardhi anachukua nusu yake. Ukiwa juu ya miaka 80, hata kwa siku moja, hulipi. Yeye aliambiwa asubiri, akasubiri, lisi yake ikashuka chini ya 80.

Usiku ule nilitoa hati yangu kabatini nikahesabu kuanzia tarehe ya kwanza ya mkataba. Nilikuwa nimebakisha wiki tano tu kufika 80.

Asubuhi nilimpigia ajenti nikamwambia nataka jibu kwa maandishi kabla ya wiki kwisha. Nanukuu alichosema, maana hakijanitoka kichwani hadi leo: "Haraka ya nini? Miaka 80 ni mingi. Hutaishi kuimaliza." Akacheka. Mimi nina mtoto wa miaka sita aliyekuwa anavaa viatu vya shule mbele yangu, na mtu ananihesabia umri wangu kwenye simu huku akinichelewesha makusudi ili nilipe zaidi. Nilikata simu. Sijawahi kudharauliwa hivyo na mtu ninayemlipa.

Kwa haki niseme upande wa pili: njia ya sheria ni nzuri, na wakili niliyempata alikuwa dhahabu. Sheria ya 1993 inakupa haki ya kudai nyongeza ya miaka 90 juu ya ile uliyobakisha, na kodi ya ardhi inageuka punje moja ya pilipili manga, yaani hulipi kitu. Sharti la zamani la kumiliki fleti miaka miwili kwanza liliondolewa Januari 2025. Wakili akamwandikia mwenye ardhi notisi rasmi, na siku notisi inapofika ndiyo siku ya kuhesabia bei. Wakichelewa baada ya hapo, miaka 80 haikupiti tena. Ilifika zikiwa zimebaki siku tisa. Nililia, sioni haya kusema.

Wanapewa angalau miezi miwili ya kujibu. Wao walijibu siku ya mwisho, jioni, wakikubali haki yangu lakini kwa bei iliyopita ile tuliyotaja kwenye notisi, karibu mara mbili. Mthamini wangu akabishana nao kwa miezi, tukamaliza kabla ya kufika kwenye baraza la mali, linaloamua migogoro ya bei kama hii. Sasa nina lisi ya miaka mia moja na sabini. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu kati ya tano, nikisema mambo yamekwisha vizuri.

Halafu ikaja ankara. Anayeongeza ndiye anayelipa gharama za wakili na mthamini wa mwenye ardhi, mradi ziwe za kiasi, sheria ndivyo inavyosema. Nikaisoma mstari kwa mstari. Mthamini wao, nimemlipia. Barua yao ya siku ya mwisho, nimeilipia. Mstari mmoja ulidai hata ile simu ya asubuhi, "mashauriano na mpangaji", dakika kumi na tano. Wakili wangu aliufuta, kwa kuwa ilipigwa kabla ya notisi, nao hawakubisha. Zile pauni 300 za kufungua faili hawajazirudisha hadi leo.

Nyota moja, na hiyo ni ya wakili. Ajenti simpi kitu. Kama lisi yako iko karibu na 80, toa hati kabatini leo uhesabu mwenyewe, usimuulize yeye.