Kitufe cha Dharura: Kabla ya Kulipa, Uliza Kinachajiwa Lini

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu vifaa vya kuitia msaada yanafanana mno: mtu alianguka, kifaa kikiwa kwenye chaji. Wa karibuni kuniandikia ni binti ambaye mama yake, mwenye kisukari, aliteleza usiku akienda chooni. Saa janja aliyonunuliwa ilikuwa kando ya kitanda, taa ya kijani inawaka, chaji imejaa. Mama akabaki sakafuni hadi alfajiri.

Kwa hiyo leo sigusi rangi, ramani wala ukubwa wa kioo. Naishi peke yangu, na presha yangu hushuka nikisimama ghafla. Hatari yangu ni usiku wa manane, miguu ndiyo kwanza inagusa sakafu, na ni wakati huohuo watu wengi huwa wamechomeka vifaa vyao kwenye umeme.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni kitufe cha Tunstall cha kuvaa shingoni au mkononi, na sifichi kwamba kampuni hii naipendelea. Kitufe hakichajiwi. Betri yake hudumu miaka, na ikikaribia kuisha, chenyewe hutoa taarifa. Unaoga nacho, unalala nacho. Ukikibonyeza, kisanduku chake kilichopo nyumbani hupiga simu kwenye kituo cha wahudumu wa dharura, nawe unazungumza nao kupitia kisanduku hicho ukiwa palepale ulipoangukia. Jaribu kwanza ukiwa bafuni, mlango umefungwa, uone kama mnasikilizana. Umeme ukikatika, kisanduku kina betri ya akiba. Ila ukitoka mbali na nyumba, hakikusaidii.

Kwa anayetoka sana, Apple Watch, saa janja ya kampuni ya Apple, inashika nafasi ya pili. Tangu toleo la Series 4 la mwaka 2018, hutambua mtu aliyeanguka kwa kishindo, na asipojongea kwa takriban dakika moja hupiga simu ya dharura yenyewe, mradi simu yako iko karibu au saa ina laini yake. Aliyejaza umri wa miaka 55 au zaidi huwashiwa huduma hii moja kwa moja. Mwenye umri mdogo zaidi aikague mwenyewe kwenye mipangilio. Vijana wenye maradhi wengi hawalijui hilo. Chaji ni kama saa 18 kwa matoleo mengi, basi ichaji ukiwa umekaa mezani unakula, kamwe si wakati wa kulala.

Vya bei nafuu? Bangili ya MedicAlert, shirika lililoanza mwaka 1956, humweleza anayekuokoa una ugonjwa gani, lakini haimwiti mtu.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Bado wapo wanaouza vifaa vinavyotegemea 3G, mtandao wa simu wa kizazi cha zamani, ilhali kampuni kubwa za simu Marekani zilizima mtandao huo mwaka 2022 na nchi nyingine zinaendelea kuuzima. Ada ya kila mwezi huitaja ukishatoa kadi. Muuzaji mmoja aliniambia kifaa chake kinakaa na chaji "siku nzima." Nikamuuliza, na usiku? Akanitajia punguzo la mkataba wa miaka miwili.