Daktari wa moyo Nairobi: hospitali ya umma au ya binafsi?

Swali hili humkabili daktari wa moyo anayechagua pa kufanyia kazi. Ukibaki Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo ni ya umma, utakutana sana na valvu za moyo (vilango vya kupitisha damu) zilizokakamaa kwa sababu ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Unaweka stethoskopu kifuani mwa msichana wa miaka 14 na kusikia damu ikivuma kabla hujatazama picha yoyote. Sikio linanolewa huko. Foleni ni ndefu, na wagonjwa wengine wamepanda matatu alfajiri kutoka mbali, bahasha ya eksirei kwapani.

Hospitali za binafsi za Upper Hill na Parklands huona zaidi watu wazima wenye presha, kisukari na mishipa ya moyo iliyoziba. Maabara ya katheta, chumba cha kupitishia mrija mwembamba hadi kwenye moyo, iko karibu, na mshipa ulioziba ghafla unaweza kuzibuliwa ndani ya dakika 90 tangu mgonjwa avuke mlango, kama inavyotakiwa. Kipato ni kizuri zaidi.

Mimi ningemshauri daktari kijana aanzie umma, miaka 5 hivi. Wengi baadaye hugawa wiki yao pande zote mbili, na sioni ubaya, mradi kliniki ya umma isiachiwe wanafunzi peke yao.