"Besi nani anaisikia?": uzoefu wangu wa kununua amplifaya Kariakoo

Nimekaa na jambo hili moyoni miezi kadhaa nikisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa. Naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito. Napiga harusi, kipaimara, ufunguzi wa baa na, Mungu akijalia, dansi la Jumamosi popote kati ya Sinza na Mbagala. Miaka yote hiyo nimekuwa napiga kwa amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ya kuazima, na mwenye kuazima hana kauli. Unafika ukumbini unakuta umewekewa kispika kilichoandaliwa kwa ajili ya kinanda, unapiga humo humo, usiku mzima hujisikii. Kwa hiyo msimu mmoja wa harusi uliponiachia akiba kidogo, nikasema safari hii nanunua yangu. Nilikuwa na laki tisa, nauli ya bajaji ikiwa humo humo.

Duka silitaji jina. Lipo Kariakoo, na Kariakoo maduka ni mengi. Nilipokewa vizuri ajabu. "Kaka karibu, kaka kaa hapa, dogo mletee kaka maji." Nikaeleza shida yangu yote bila kuficha: bendi ya watu saba, drams, tumba, magitaa mawili, kinanda, mara nyingi tunapiga nje chini ya turubai, mara nyingi kwa jenereta, na mitambo ya shughuli huwa ni ya MC, siyo yetu. Nataka besi inayosimama yenyewe. Yule bwana hakufikiri hata kidogo. Akageuza amplifaya moja ya spika ya inchi 15, akaweka kidole mgongoni mwake palipoandikwa 300W, akasema, "Kaka, wati mia tatu hizi. Wallahi inabeba uwanja."

Nikachomeka gitaa. Mle dukani ilivuma mpaka vioo vya kabati la maikrofoni vikatetemeka. Sauti nene, ya mviringo, imetulia. Na hilo nalisema hata leo nikiwa na hasira zangu: sauti yake ni tamu. Tukavutana bei, nikalipa laki nane na nusu, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, chini yake muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Risiti ya mashine sikudai, kwa sababu kutoidai ndiko kulikonipunguzia ile elfu hamsini ya mwisho. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Wiki za mwanzo zilikuwa raha tupu. Mazoezini naisikia kila noti. Kanisani, ukumbi wa kati, kwaya na drams za kupigwa taratibu, mwalimu wa kwaya akanifuata baada ya ibada kunipa mkono. Ningeandika wakati ule ningewaambia kimbieni mkanunue.

Kisha ikaja harusi ya Kigamboni.

Mvua za vuli zilikuwa ndiyo zinaanza, shughuli ikahamishiwa chini ya maturubai matatu kwenye uwanja wa nyumbani. Nikamwomba fundi mitambo wa MC anipe njia moja tu kwenye mikisa yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nichukue sauti kutoka tundu la nyuma la amplifaya, yeye aisambaze kwenye spika zake kubwa. Akakataa. Eti besi ya bendi itamuunguzia spika. Nikasema sawa, ninazo wati zangu mia tatu.

Mpiga besi yeyote anajua kinachotokea nje. Ndani ya ukumbi ukuta na sakafu vinakurudishia sauti nzito. Uwanjani hakuna wa kukurudishia kitu, inakwenda zake baharini. Nikapandisha voliumu. Drams nazo zikapanda. Nikapandisha tena. Taa nyekundu ndogo ya kwenye amplifaya ikaanza kupepesa kila nilipogonga uzi wa nne, ule mnene kuliko wote, nikajipa moyo kwamba kupepesa siyo kitu. Baadaye haikupepesa tena, ikawaka moja kwa moja. Sauti ikaanza kukoroma. Na hapo ndipo tulipofika sehemu ya kuchanganya, ile ya kasi, wimbo wa mwisho kabla ya keki, solo limeshashika moto, mashangazi wa bibi harusi wamevaa sare ya kitenge cha bluu wako katikati wanazungusha leso.

Ikakata. Halikutangulia pigo wala mlio wa ajabu. Palikuwa na besi, mara hakuna besi, na nyuma yangu harufu ya plastiki inayoungua.

Nataka niseme vizuri kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachonichoma mpaka leo. Gitaa la solo liliendelea. Rizimu liliendelea. Drams, tumba, kinanda, mwimbaji, wote waliendelea. Hakuna aliyesimamisha muziki. Lakini muziki uligeuka ukawa mwembamba, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, na wale mashangazi wakaanza kupungua mwendo. Hawakujua kwa nini. Mmoja alibaki amenyoosha mkono juu na leso yake, miguu imesimama, anatazamatazama kama mtu aliyeitwa na hajui na nani. Ndani ya dakika moja uwanja ulikuwa mtupu. Mama wa bibi harusi akanifuata pale nilipoinama nyuma ya amplifaya, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona muziki umepoa?"

Yule mama pengine hajui besi ni nini. Aliniuliza mimi, kati ya watu saba.

Jumatatu nikaipakia kwenye bajaji nikairudisha dukani. Sikutegemea kurudishiwa pesa, muhuri niliuona. Nilitaka wanisikilize, wanisaidie hata nusu ya gharama za spika. Yule aliyeniita kaka mara sita alikuwa anamenya chungwa. Hakuinuka. Hakuisogelea amplifaya hata hatua moja. "We jamaa, hiyo umeiunguza mwenyewe. Mnapiga kama mnatwanga kisamvu." Nikamweleza habari ya uwanja kumwagika, ya watu kuacha kucheza. Akacheka, akawageukia wateja wengine waliokuwa pale, akasema, "Besi yenyewe nani anaisikia? Watu wanasikiliza mwimbaji." Wakacheka wote.

Spika inaungua, nalijua hilo. Hata kuuziwa kitu kisichofaa huwa kunatokea, mjini hapa. Lakini mtu anayejilisha kwa kuuza magitaa ya besi, mwenye magitaa ya besi yananing'inia ukutani juu ya kichwa chake, aseme neno lile mbele ya watu! Nimepiga besi tangu niko kidato cha pili. Nilibeba ile amplifaya nikatoka nayo bila kuaga.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Mwananyamala ambaye amerekebisha vyombo vya bendi kabla sijazaliwa. Alifungua skrubu nane, akaitoa spika, akabonyeza karatasi ya uso wake kwa vidole gumba viwili. Ilikwaruza. "Koili imekwisha, kijana wangu." Ndizo zile waya zilizosokotwa ndani ya spika. Akanipa ninuse. Kisha akaniuliza niliuziwa kama wati ngapi. Nikasema mia tatu, nikamwonyesha pale palipoandikwa. Akavaa miwani, akaweka kidole, siyo kwenye namba, kando yake.

"Zimeandikwa wapi hizi wati mia tatu? Si kando ya tundu la waya wa umeme? Na hapa kuna 230V, 50Hz. Hii ni habari ya umeme unaoingia. Mia tatu ndizo inazokula. Inazotema ni nyingine."

Inazotema, kwa makadirio yake, zilikuwa kama mia na ishirini. Nyingine huishia kwenye joto, ndiyo maana ya lile pande la chuma lenye mapezi nyuma yake. Na amplifaya ikiishiwa pumzi huku unaisukuma, akasema, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, koili inapokea moto badala ya muziki. Taa nyekundu ilikuwa inaniambia hivyo saa nzima.

Akanifundisha na mengine ambayo muuzaji alipaswa kuniambia kabla ya kuchukua pesa yangu. Uzi wa nne wa besi ukiupiga wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni zito sana kwa sauti za huko chini, kwa hiyo besi inahitaji nguvu mara kadhaa ya gitaa la solo ndipo wasikike sawa. Kutoka wati 120 kwenda 240 unaongeza desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Afadhali kuongeza boksi la pili la spika, au kuiegemeza amplifaya ukutani ukuta ukusaidie, kuliko kuhangaika na namba. Na wati zinazotangazwa mara nyingi ni za spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), wakati spika iliyomo ni ya omu 8. Hapo unapata pungufu, pengine nusu yake. Volti nazo zisomwe: kuna mpiga besi mwenzangu alinunua mtumba wa Japani, haukubadilishwa umeme, wa volti 100, akauchomeka moja kwa moja ukutani. Haukupiga hata noti moja.

Nikiwa pale kwa fundi nikaingiwa na wazo baya. Labda yule bwana hakunidanganya. Labda naye hakujua. Aliona 300W, akaamini, akaapa kwa anachokiamini. Nilikaa na wazo hilo siku mbili tatu, nikawa karibu kumsamehe. Lakini kama hujui, kwa nini unaapa? Mimi nilimweleza uwanja, jenereta, watu saba. Alichotakiwa kusema ni "sina hakika, kaka", maneno matatu, nami ningebaki na laki nane na nusu zangu. Hapana. Sijasamehe.

Fundi alisuka koili upya, nikalipa laki moja na ishirini. Na sasa nitasema kitu ambacho wengine mtaniona kigeugeu: sijaiuza ile amplifaya, na sina mpango. Kwa mazoezi, kwa kanisa, kwa ukumbi mdogo wenye ukuta nyuma yako, kwa bei ile, sijaona inayoifikia. Nje siipeleki mpaka nimekubaliana na fundi mitambo kwa simu, siku mbili kabla, kwamba nitapata njia yangu kwenye mikisa, ili yeye abebe uwanja na mimi nijisikie tu. Akikataa, nakodi boksi kubwa la besi na gharama naitia kwenye bei ya bendi. Kiongozi wetu alinung'unika mara ya kwanza. Nikamkumbusha Kigamboni, akanyamaza.

Kwa hiyo chombo chenyewe nakisifu. Duka lile sitamwelekeza hata adui yangu.

Hivi karibuni nilipita Kariakoo kununua nyuzi, kwingine. Nikapita mbele ya mlango ule, nikamwona ameweka kidole mgongoni mwa amplifaya kama yangu, na kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, ishirini hivi, amebeba gitaa la besi mgongoni, anaitikia kwa kichwa. "Wallahi inabeba uwanja." Nikaingia. Nikamwambia kijana, "Mdogo wangu, hiyo namba ni ya umeme inaokula. Ipandishe voliumu kama unavyoipandisha kazini, upige uzi wa nne wazi, utazame ile taa nyekundu." Muuzaji hakunitambua hata. Akasema, "We jamaa, kama hununui tupishe."

Kijana aliijaribu, akasikia ile sauti, nikaona macho yake. Nikamuuliza anapigia wapi. Akasema kanisani, Tandika, ukumbi siyo mkubwa. Sikuwa na la kumpinga. Alilipa. Nikamsaidia kuibeba mpaka kwenye bajaji, na nikamwandikia namba ya fundi wa Mwananyamala nyuma ya ile karatasi yenye muhuri.