Mihula miwili na blogu ya darasa: niliyoyapenda na yaliyonitoa jasho

Mimi ni mwalimu wa lugha, na darasa langu lina wanafunzi 38. Nilifungua blogu ya WordPress, programu ya kuendeshea blogu, kwa sababu madaftari yalinichosha. Unasahihisha insha hadi usiku wa manane, kesho yake mwanafunzi anatupia jicho alama, anafunga daftari, basi. Wino mwekundu wote ule hakuna aliyeusoma.

Wanafunzi niliwapa ngazi ya mchangiaji. Mchangiaji anaandika na kuhifadhi rasimu, ila hachapishi mpaka mimi nipitishe. Picha pia hawezi kupakia, kwa hiyo zote zilipitia kwangu. Wao walinung'unika, mimi nikapumua.

Faida niliyoipata sikuwa nimeitarajia. Nina kijana ambaye daftarini hajawahi kuvuka nusu ukurasa. Aliandika mistari sita kuhusu mbwa wao aliyegongwa na gari. Mwenzake akamwachia swali hapo chini: "Sasa alipona au alikufa?" Mimi ningemwandikia "fafanua zaidi" na asingefafanua chochote. Swali lile lilimkosesha raha. Na kwa kuwa mchangiaji hawezi kugusa makala iliyokwisha kuchapishwa, ilibidi anifuate ofisini niirudishe kwenye rasimu. Alikuja mara tatu! Blogu hutunza matoleo yote, unaweza kuyaweka mawili ubavuni uone kilichofutwa na kilichoongezwa. Toleo la kwanza lilianza, "Mbwa wetu aligongwa na gari." La nne: "Tulimsikia kabla ya kumwona." Sikumfundisha mimi sentensi hiyo.

Lakini macho hayohayo ya wenzake ndiyo yaliyoniletea balaa. Kosa lilikuwa langu, niliacha maoni yatokee bila kupitiwa. Usiku mmoja mtu akaandika chini ya makala ya binti mmoja kwamba hata mdogo wake anajua tahajia kuliko yeye. Nililiona asubuhi, nikalifuta, ila darasa zima lilikuwa limeshalisoma. Yule binti hakuandika tena kwa wiki tano. Daftarini makosa yake ningeyaona mimi peke yangu.

Kuna na la vifaa. Kazi za wanafunzi wanne zilikuwa zinachelewa kila wiki, nami nikawahesabu wavivu. Kumbe nyumbani kwao simu ni moja, na huipata wengine wakishalala. Kunakili nako kupo, ingawa wananakili vibaya: mtu anabandika aya nzima na viungo vya bluu vya kurasa za mtandao bado vimo ndani yake, halafu anaapa kwamba kaandika mwenyewe.

Kwa wenye wanafunzi wadogo, someni masharti kwanza. Huduma nyingi hazimpi akaunti mtoto wa chini ya miaka 13, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda faragha ya watoto mtandaoni.

Muda? Usiulize. Kazi ya kusahihisha haikupungua hata kidogo, na juu yake nina maoni ya kupitia. Jumapili yangu imekwenda na maji.

Hata hivyo naipa nyota nne. Muhula wa pili nimeifunga, inasomwa na darasa tu. Rasimu ya kwanza inaandikwa kwenye karatasi, na wasio na kifaa wanachapa shuleni saa za masomo. Maoni ya "safi sana" siyapitishi, lazima msomaji aulize swali. Kila mmoja amejichagulia jina la kuandikia. Yule binti amerudi, anajiita Kalamu Butu. Tahajia bado zinamshinda, lakini sasa yeye ndiye anayenizuia: "Mwalimu, usiipitishe kwanza, nairudia mara moja tu."